Umbali wa Nchi Kavu

Zipo siku ambazo moyo hutambua jambo mapema, na mwenye moyo akajitia uziwi. Mboni alikuwa katika uziwi huo tangu asubuhi. Katika duka la miwani alikofanya kazi ya kupima macho, aliwauliza wateja kumi na mmoja kioo kipi ni bora, cha kwanza au cha pili, na majibu yao yakampita kama upepo wa dirishani. Adhuhuri akamvisha mwalimu mmoja mstaafu miwani ya mtu mwingine. Mwalimu akatazama mlango, akatazama dari, kisha akamwambia kwa upole kwamba ama dunia imepinda au binti ana jambo.

Jambo alikuwa nalo. Alasiri ile baba yake angeingia kwa mara ya kwanza katika chumba cha mwanamume aliyekuja kumposa, na akitoka humo angekuwa na jibu. Jibu likiwa ndiyo, nikaha ingefungwa Ijumaa, na Jumapili bwana harusi angesafiri peke yake kwenda kazini, mbali, kwa miaka miwili.

Baba hakutaka kuona vyeti vya mposaji, wala hakuuliza ukoo. Alitaka kitu kimoja tu, kuonyeshwa ule mchezo ambao binti yake alikuwa akiusimulia kila siku mezani.

"Mtu akiwa kazini hujichunga," alisema, "na mbele ya mkwe hujichunga maradufu. Mimi namtaka akiwa mchezoni."

Mzee huyu alikuwa amepika katika meli za shehena kwa miaka thelathini na moja, kwenye jiko ambalo sufuria zake zilifungwa kwa vyuma zisimrukie usoni. Alizoea kusema machache na kuonja kabla ya kuhukumu. Dada yake, yaani shangazi wa Mboni, ndiye aliyekuwa na maneno mengi. Shangazi alikwisha kutoa fatwa yake, kwamba haozeshwi mtu mzima anayezamisha meli huku amevaa soksi. Mboni alicheka aliposikia, na baba alicheka pia, lakini cheko la baba liliisha upesi.

Mchumba mwenyewe alikuwa fundi lifti, mrefu, mwenye vidole vyembamba na sauti ya chini isiyopanda hata akikasirika. Katika mchezo wake wa nyambizi, ule unaoigiza vita vya baharini vya zamani kwenye kompyuta, wenzake waliocheza naye kutoka miji mbalimbali walimwita Kadhi. Walimwita hivyo kwa kejeli. Wao, wakiona meli ya biashara, hupiga kombora kutoka chini ya maji bila salamu, na mchezo huwazawadia kwa hilo. Yeye hakukubali. Yeye alicheza kwa sheria za kale za vita vya majini: huibuka juu, hufyatua risasi ya onyo mbele ya omo, yaani pua ya meli, huisimamisha, hukagua hati zake, huwaacha mabaharia washuke kwenye mashua za kuokolea, huwaelekeza upande wa pwani, na hapo tu ndipo huzamisha. Kwa ajili ya sheria hizo alishindwa mara nyingi, na nyambizi yake ikapigwa ikiwa juu, wazi kama yai kwenye sahani. Wenzake wakacheka. Naye akaanza upya kwa sheria zile zile.

Hilo ndilo lililomteka Mboni. Mwanamume aliyempenda kabla ya huyu alipotea siku moja bila neno, kama taa inavyozimwa, na kwa miezi minane Mboni aligeuka kila aliposikia viatu nyuma yake. Ndipo akatokea mtu ambaye hata katika kioo cha kompyuta, hata kwa watu wasio na damu, hakuwa radhi kumshtukiza yeyote. Usiku wa kwanza aliposimuliwa sheria ile, Mboni alirudi nyumbani akiwa amepona.

Alasiri Mboni na baba yake walipanda lifti hadi ghorofa ya tano. Ilikuwa lifti ya zamani ambayo Kadhi aliitengeneza kwa mikono yake, na ilipanda bila mtikisiko. Mzee akaipapasa ukutani, akasema kazi nzuri huonekana. Mboni akayapokea maneno hayo kama zawadi na kuyahifadhi.

Kadhi alifungua mlango akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye vifundo vya mikono. Aliinama, akamwamkia mzee shikamoo kwa taadhima, kisha akainua macho kwa Mboni. Katika mtazamo ule mfupi mlikuwa na kila kitu alichokingojea binti wa watu: huba, haya, na swali. Kwa pumzi moja akaona kwamba hofu yake ya mchana kutwa ilikuwa njaa tu.

Chumba kilikuwa safi, karibu kitupu. Masanduku matatu ya makaratasi yalikwisha kufungwa kwa utepe na kupangwa pembeni, kila moja limeandikwa kwa kalamu nzito. Kilichosalia mahali pake ni meza, kompyuta, rafu ya vitabu, na kadi ngumu iliyobandikwa kando ya kioo ikiwa na sheria tatu kwa mwandiko wa kupendeza.

"Umeshafunga mizigo," mzee alisema.

"Napenda kufanya mambo mapema, mzee wangu. Sipendi mtu ashtukie."

"Naona. Haya, Bwana Kadhi. Nionyeshe bahari yako."

Kadhi akakaa. Mzee akaketi nyuma yake kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti, kama aketivyo mgonjwa anayesubiri kuitwa. Mboni akasimama kati yao. Kwenye kioo maji yalikuwa ya kijivu na mbingu ya kijivu, na mstari wa kuyatenga haukuonekana. Kutoka kwenye spika ukatoka mlio mmoja mwembamba, mlio wa nyambizi ikisaka. Ukafuata kimya. Kisha mlio tena.

Haikupita robo saa ikatokea meli ya shehena, moshi wake umelala kwa upepo. Kadhi akamweleza mzee kila hatua, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kwa unyenyekevu. Akaibuka. Akafyatua onyo, na maji yakapanda mbele ya omo kama mti mweupe, yakaanguka. Meli ikasimama. Akaomba hati, zikaletwa, zikaonyesha shehena ambayo sheria inairuhusu kuzamishwa. Akawapa watu wake dakika ishirini, ingawa kila dakika ndege ya adui ingeweza kumkuta. Mashua nne zikashushwa. Vijitu vidogo vikaonekana vikipiga makasia.

Mboni alimtazama baba yake pembeni. Mzee alikuwa amesogea mbele.

"Hapo huwa nawapa mwelekeo," Kadhi alisema. "Mashariki, moja kwa moja. Mchezo haunilazimishi. Wenzangu hawafanyi hata hilo."

"Umefanya vyema," mzee alijibu, naye alisema kweli. "Sasa niambie, kijana wangu. Huko mashariki, nchi kavu iko umbali gani?"

Mkono wa Kadhi ukasimama juu ya kipanya. Ilionekana wazi kwamba katika miaka yote ya kucheza hakuwahi kuulizwa. Akafungua ramani, akavuta mstari, akasoma.

"Maili mia tatu na arobaini."

"Na upepo?"

"Unazidi. Jua likizama utakuwa dhoruba."

Mzee akaanza kusimulia, bila kupandisha sauti, habari ambayo Mboni aliijua kwa nusu tu, kwa kuwa nyumbani haikusemwa. Kabla Mboni hajazaliwa, meli ya mzee ilishika moto kwenye chumba cha mashine. Nahodha wake alikuwa mtu mwema. Alipiga kengele mapema, akahesabu watu, akawashusha wote kwenye mashua bila kumwacha hata mmoja. Walikuwa kumi na tisa katika mashua ya mzee. Kwa kuwa ndiye mpishi, alikabidhiwa biskuti na maji, agawe. Aligawa kwa siku sita. Siku ya kwanza walimshukuru nahodha kwa uungwana wake. Siku ya nne hakuna aliyemtaja. Meli nyingine ilipowaona siku ya sita, biskuti zilikuwa zimebaki, kwa sababu walaji walikuwa wamepungua.

"Kwa hiyo mimi, mtu akiniambia amewashusha watu kwenye mashua, huwa simwambii hongera bado," mzee alimaliza. "Namuuliza umbali."

"Lakini sheria imesema wawekwe mahali pa usalama," Kadhi alisema, akigusa kadi. "Ndiyo hii ya tatu. Nami nimewaweka."

Mboni hakujua kwa nini alinyoosha mkono kwenye rafu. Labda alitaka kumtetea. Kitabu cha sheria zile alikifahamu. Mara nyingi Kadhi alimsomea kurasa zake wakiwa wameketi dirishani, naye akimsikiliza kama asikilizaye mashairi. Akafunua mahali palipotoka ile sheria ya tatu. Ilikuwa pale, neno kwa neno. Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na mistari miwili zaidi. Kazi yake ilikuwa herufi ndogo. Akaisoma kwa sauti kabla hajafahamu anachosoma: kwamba mashua za meli hazihesabiwi kuwa mahali pa usalama, ila pale ambapo bahari ni tulivu na nchi kavu i karibu, au kuna chombo kingine cha kuwapokea watu.

Pembeni mwa mistari ile palikuwa na alama hafifu ya penseli.

"Uliiona," Mboni alisema.

"Niliiona." Hakudanganya, hilo alikuwa nalo daima. "Mchezo hauna nafasi ya hilo, laazizi. Siwezi kuwavuta kwa kamba. Siwezi kuwapakia, nyambizi haina nafasi. Hakuna kitufe chake. Ndiyo maana sikuiandika kwenye kadi."

"Basi kama huwezi kuwaweka salama," mzee aliuliza, "hiyo sheria yako inakwambiaje?"

Jibu lilijulikana kwa wote watatu. Meli ile ingepaswa kuachwa iende zake, na mabaharia warudi sitahani.

Ule mlio mwembamba ukapita tena chumbani. Kadhi alitazama kioo. Mboni alimtazama Kadhi, na moyo wake ukawa unaomba kwa lugha isiyo na maneno: iache, mpenzi wangu, iache ipite, ni meli ya taa na rangi, iache tu. Aliona shingo ya mwanamume aliyempenda ikikaza. Aliona jinsi macho yake yalivyokwenda kwenye idadi ya tani, alama za ushindi wa mchezo, pembeni mwa kioo, yakarudi.

"Nimeshawaonya," Kadhi alisema polepole. "Nimewapa dakika ishirini."

Akabonyeza.

Meli ilivunjika kiunoni na kwenda chini kimya kimya, na mahali pake pakabaki mashua nne juu ya maji yanayopanda. Kadhi akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuharakisha muda. Mzee akaushika mkono wake, bila nguvu, kama amshikavyo mtu aliyesahau kofia.

"Usiharakishe. Kaa nao kidogo."

Wakakaa. Mashua zilipanda juu ya mgongo wa wimbi, zikazama bondeni, zikapanda. Nyambizi ikajitenga taratibu. Mashua zikawa punje. Kisha, bila wimbi kuzifunika, zote nne zikatoweka kwa mara moja.

"Wamekwenda wapi?" mzee aliuliza.

"Mchezo huwaondoa ukishafika umbali fulani. Ili kompyuta isielemewe."

"Na wewe hujapata kujua walifika au hawakufika."

"Sijui, mzee wangu. Haiwezekani kujua."

*Sijui.* Mboni alilisikia neno lile mara mbili, na mara ya kwanza haikuwa leo. Ilikuwa miezi mitatu nyuma, dirishani hapa hapa. Kadhi alimweleza, bila kuulizwa, habari ya mchumba wake wa zamani, mshonaji wa nguo. Kazi ilimhamisha mji, akamwonya mshonaji yule miezi mitatu kabla. Hakumdanganya. Alimwachia cherehani mpya na anwani ya fundi wa kuitengeneza. Alisimulia kwa utulivu wa mtu mwenye dhamiri safi, na Mboni akamwona malaika. Mwisho akamuuliza yuko wapi sasa yule dada. Kadhi akafikiri kidogo, akajibu kwamba hajui.

Mboni akageuka, akayatazama masanduku matatu. Lililokuwa juu liliandikwa jina lake, lile la mapenzi, Mboni, alilopewa na Kadhi mwenyewe. Alijua kilichomo, kwa kuwa alielezwa siku kumi zilizopita kwa mpangilio mzuri: sufuria, feni, vitabu, na karatasi yenye namba ya simu ya dada yake Kadhi, iwapo patatokea haja. Ufunguo wa pili wa chumba hiki, ambacho kodi yake ililipwa miezi sita mbele, alikabidhiwa mkononi siku ile ile. Nimekupangia kila kitu, alimwambia, hutashtukia jambo. Naye Mboni alilia kwa furaha.

"Nina swali," alisema sasa, na sauti yake ilitoka nyembamba kiasi kwamba baba yake aligeuka. "Baada ya Jumapili. Utaniita lini nikufuate?"

"Tulishazungumza hilo, Mboni wangu. Mambo yakikaa sawa."

"Yatakaa sawa lini?"

"Siwezi kukuahidi nisichokijua. Ningekudanganya, na mimi sidanganyi. Ndiyo maana nimekwambia mapema, nikakuandalia."

"Ndiyo. Umeniandalia." Alilitazama tena sanduku. "Ni mashua nzuri kabisa, Kadhi. Ina kila kitu ndani yake. Nakuuliza umbali."

Kadhi akafungua kinywa. Katika muda wote wa mapenzi yao Mboni hakuwahi kumwona akikosa jibu, na lau angesema lolote, lau angesema twende wote Jumapili, au nitakaa nisiende, au hata naogopa, binti yule angelilipokea kwa mikono miwili na kulifanya nyumba. Alingoja. Alimpa muda mrefu. Kadhi akamtazama kwa macho yale yale ya mlangoni, yenye huba na haya na swali. Na Mboni akaona, kwa ustadi wa kazi yake, kwamba macho yale yalikuwa mazima, hayana kasoro, ila hayakuzoea kutazama mbali.

"Unaweza kuirudia?" aliuliza. "Safari hii ya meli. Uanze pale kabla hujabonyeza."

"Naweza. Lakini mimi sirudii. Ni kanuni yangu. Kilichozama kimezama."

Mzee akasimama. Kadhi naye akasimama haraka, akaweka mikono mbele, akasema kwa heshima kwamba yuko tayari kupokea jibu. Mzee alimtazama kitambo, na usoni mwake hapakuwa na ushindi, palikuwa na huzuni ya mtu aliyeonja chakula kizuri akakuta kimekosa kitu kimoja ambacho hakiwezi kuongezwa mezani.

"Kijana wangu, wewe si mtu mbaya," alisema. "Nilikuja nikiwa na jibu mfukoni, nalo lilikuwa zuri. Ila anayeshushwa kwenye mashua si mimi. Muulize mwenyewe."

Mboni alikwisha kuutoa ufunguo kwenye pochi yake. Akauweka juu ya meza, chini ya ile kadi ya sheria tatu, taratibu, usitoe sauti.

"Mboni." Kwa mara ya kwanza sauti ya Kadhi ilipanda. "Unaniacha hivi? Bila hata kunionya?"

Alikuwa mlangoni. Alitaka kurudi, Mungu anajua jinsi alivyotaka kurudi.

"Wewe huna haja ya kuonywa," alimwambia. "Wewe umesimama kwenye nchi kavu."

Lifti ilikuwa ikiwangoja. Baba aliingia, akamshika mkono kama alivyomshika alipokuwa mdogo wakivuka barabara, akabonyeza kitufe cha chini. Milango ilianza kufunga kwa ule ulaini wa kazi nzuri. Mboni hakuuondoa uso wake kwenye upenyo. Alitega sikio amsikie akikimbia, asikie viatu, asikie hata jina lake likiitwa. Upenyo ukawa wa kiganja, ukawa wa kidole.

Nyuma ya mlango wa Kadhi palikuwa kimya. Kisha ukasikika mlio mmoja mwembamba, kikafuata kimya kirefu, na mlio mwingine, ukisaka.